Damu ya Ukweni

Mtu akiitwa pandikizi la mtu, msikilizaji hutazamia kuona kifua kama mlango wa ghala, na mikono inayobeba gunia la mananasi kama mwingine anavyobeba kikapu cha mayai. Stambuli wa Kinole hajawahi kuwa na kifua cha namna hiyo, hata katika miaka ya afya yake. Ni mtu mfupi, mwembamba, mwenye shingo ndefu, ambaye shati lolote humkaa kana kwamba limeanikwa. Kwa sababu hiyo mgeni anayeambiwa, "Kwa Pandikizi ni pale juu, penye michungwa," kisha akamkuta mwenyewe amekaa barazani, hudhani kwamba ameelekezwa vibaya.

Jina hilo lilitungwa na Hamza, mwenye kibanda cha kuchaji simu karibu na gulio. Elimu yote ya Hamza kuhusu utabibu imetokana na video anazotumiwa na watu wasiojua zaidi yake, naye huigawa bure kwa kila anayengoja betri ijae. Siku Stambuli aliporejea kutoka hospitali ya India, alikokwenda kupandikizwa mbegu mpya za damu, bodaboda iliyompandisha kutoka Mkuyuni ilipita mbele ya kibanda hicho. Hamza akainuka kwenye stuli yake.

"Kaenda kupandikizwa, karudi pandikizi," alisema. "Mtazameni, jamani. Pandikizi la mtu hilo."

Watu walicheka sana. Kijiji hiki si chepesi cha kucheka, isipokuwa kimpate mgonjwa.

Neno hilo lina maana ya pili. Katika siasa, pandikizi ni mtu aliyeingizwa katika kundi lisilo lake ili alifanyie kazi kundi jingine. Maana hiyo Hamza hakuikusudia, kwa kuwa mzaha wake huwa na ghorofa moja tu. Aliyeiokota na kuitia mfukoni alikuwa Twalibu, mjomba wake Stambuli, ambaye siku ile hakucheka hata kidogo.

Ili jambo la Twalibu lieleweke, ni lazima kwanza ieleweke ardhi. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, yaani lukolo, na shamba la ukoo hulimwa kwa ridhaa ya mjomba. Stambuli alirithi kwa mama yake, dada wa Twalibu, kipande cha mteremko ambacho sasa kimepandwa pilipili manga. Kipande chenyewe si kikubwa, na mtu asiyezoea milima akisimama juu yake hutafuta pa kushika. Lakini Stambuli alipanda kila mche kwa mkono wake, akaifunga mimea kwenye miti ya kuegemea kwa kamba za migomba, na kwa miaka mingi pilipili yake ndiyo iliyokuwa ikisubiriwa na wanunuzi. Twalibu alimwachia shamba hilo lilipokuwa pori. Lilipoanza kuzaa, akaanza kulikumbuka.

Kisha Stambuli akaugua. Alianza kwa kuchoka, kukafuatia kutoka damu kwenye fizi, na wataalamu wa kijiji wakatangaza malaria, kisha vidonda vya tumbo, kisha jicho la mtu. Daktari wa Morogoro mjini alimpima damu na kumpeleka mbele, na huko mbele akaambiwa kwamba ana saratani ya damu. Dawa ziliipunguza, lakini madaktari walimweleza bila kuzungukazunguka kwamba itarudi. Uboho wake, ule ute ulio ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa, ulikuwa umeharibika. Ilipasa ufutwe wote kwa dawa kali, kisha apewe mbegu za damu za mtu mwingine zikaanze upya. Mbegu hizo huitwa seli shina, na hupatikana kwanza kwa ndugu.

Hapo ukoo wa Stambuli ulionyesha umbo lake. Stambuli hana ndugu wa tumbo moja; alikuwa na binamu upande wa mama, na alikuwa na mjomba. Wote waliahidi. Siku ya kwenda mjini kupimwa, binamu mmoja alipata msiba Mikese kwa mtu ambaye hakuwa amekufa. Mwingine alikumbuka kwamba aliwahi kusikia kuwa mtoaji hukauka mifupa na kushindwa kupanda mlima. Twalibu mwenyewe aliamka na goti linalouma, akalifunga kanga ya mkewe, akachechemea mpaka barabarani ili kila mtu amwone anavyochechemea, kisha akarudi kulala. Jioni alionekana akishuka kwenda kwenye mananasi yake, na goti lilikuwa limempa likizo.

Aliyekwenda ni Mwanahawa, binti wa pekee wa Stambuli, fundi cherehani wa Kihonda. Madaktari walisema kwamba mtoto hulingana na mzazi kwa nusu, na kwamba siku hizi ziko dawa zinazowezesha nusu hiyo kutosha. Mwanahawa hakuuliza juu ya mifupa kukauka. Aliuliza aache oda za nguo za nani na amalize za nani, akafunga mlango wa duka, akasafiri na baba yake.

Kule hospitali alichomwa sindano za kuzisukuma mbegu zitoke kwenye uboho na kuingia katika damu. Kisha akalazwa kando ya mtambo uliokuwa ukivuta damu kwenye mkono mmoja, ukachuja mbegu, na kuirudisha damu iliyobaki kwenye mkono wa pili. Mavuno ya siku ya kwanza hayakutosha. Daktari aliwaeleza kwamba dozi haipimwi kwa ukubwa wa mfuko. Hupimwa kwa wingi wa mbegu zikilinganishwa na uzito wa anayepokea. Mbegu zikiwa chache mno, damu mpya huchelewa kuota, na katika kuchelewa huko mgonjwa hubaki bila kinga, vijidudu vikamwingia kama nyumba isiyo na mlango. Zikizidi kiasi fulani, nyongeza haileti faida inayoonekana, na huenda hata zikachochea ugomvi kati ya mbegu ngeni na mwili uliozipokea.

Mwanahawa alirudi kwenye mtambo kesho yake, na dozi ikatimia. Daktari alitabasamu akamwambia Stambuli kwamba wembamba wake umemsaidia. Angekuwa mtu mwenye mwili mkubwa, mbegu hizo hizo zisingemtosha. Tangu azaliwe, hilo lilikuwa neno zuri la kwanza kusemwa na mtu yeyote kuhusu mwili wa Stambuli. Kwa maneno mengine, kama angekuwa kweli pandikizi la mtu, huenda asingerudi nyumbani kuitwa hivyo. Jambo hili Hamza alikuja kuelezwa zaidi ya mara moja, na kila mara akajibu kwamba chaji imejaa.

Mbegu ziliingia mwilini kwa dripu, kimya kimya, katika mfuko ambao Stambuli anasema ulifanana na wa juisi ya ukwaju. Kazi ilikuja baadaye. Kinywa kilijaa vidonda, hata mate yakawa mzigo; nywele zilikwisha; homa ikapanda. Kila asubuhi Asia, mke wake, aliyebaki Kinole, alipiga simu na kuuliza swali moja: "Zimeota?" Mwanahawa alijibu bado, na tena bado. Hatimaye chembe nyeupe za damu zikaanza kuonekana katika vipimo, na zile zinazogandisha damu zikafuata kwa kujivuta. Ngozi ya mikono ilibabuka, wakampa dawa, ikatulia. Walipompima kundi la damu, likawa la Mwanahawa. Stambuli aliyeondoka na damu ya kundi O alikuwa sasa mtu wa kundi B, kama binti yake, na kama Asia.

Alirejea na masharti: avae barakoa penye watu, asile kitu kibichi ila tunda la ganda nene alilolimenya mwenyewe kwa mikono safi, na asiguse udongo mpaka daktari atakapomruhusu, kwa sababu udongo una ukungu ambao kinga changa haiuwezi. Mkulima aliambiwa akae barazani aitazame pilipili yake kwa mbali. Alikubali, akakaa, akamenya machungwa.

Kijiji hakikukubali kirahisi hivyo. Hamza alipanda mpaka uani akiwa na chupa ya unga wa kijani.

"Pandikizi, hicho kifuko walichokupa kilikuwa kimoja tu?" aliuliza.

"Kimoja cha siku mbili."

"Walikupunja. Ugonjwa mkubwa namna ile, kifuko kimoja? Ng'ombe akichanjwa hapewi dawa ya kuku. Kunywa huu unga, vijiko vitatu, utaongeza zilizopungua."

"Hamza," Asia alisema kutoka jikoni, "wewe simu ikiwa imejaa, ukiiacha kwenye umeme siku tatu inakuwa simu mbili?"

Hamza aliondoka na chupa yake. Hata hivyo unga ule aliwauzia wengine, wazima kabisa, ambao waliendesha kwa juma zima na kuamini kwamba uchafu unatoka.

Kosa la Stambuli lilikuwa kusema kweli. Aliona kubadilika kwa kundi la damu kuwa muujiza wa elimu, naye akamsimulia kila aliyekuja kumjulia hali. Habari ikamfikia Twalibu, na Twalibu akaketi nayo. Kesho yake alipopita njiani, Stambuli alimsalimu kutoka barazani kama alivyomsalimu maisha yake yote.

"Shikamoo, mjomba."

"Salama," alijibu Twalibu, akapita.

Asia aliyekuwa akifagia alisimamisha ufagio. Katika milima hii mtu aweza kumnyima mwenzake chumvi na wakabaki majirani. Kumnyima mpwa wake marahaba ni kumwambia kwamba hamjui.

Maelezo yalifuata kabla juma halijaisha. Twalibu alianza kusema msikitini, gulioni na kwenye kibanda cha Hamza kwamba jambo hili limemtesa moyo. Damu ya mtu ndiyo ukoo wake. Damu aliyozaliwa nayo Stambuli imefutwa na madaktari wenyewe, wala hakuna anayekana. Damu aliyonayo sasa ni ya Mwanahawa, na Mwanahawa ni wa ukoo wa mama yake, Asia. Basi Stambuli wa leo ni mtu wa ukweni, aliyekaa juu ya shamba la watu wengine. Hamza mwenyewe, alisema, kwa hekima aliyopewa, amekwisha kumwita pandikizi. Hamza, aliyekuwa hajawahi kusikia hekima yake ikitajwa, aliafiki papo hapo. Na kwa kuwa mwenye damu hiyo ngeni hawezi hata kugusa udongo, Twalibu alituma watu wakavune pilipili iliyoiva, isije ikaharibika.

Stambuli aliwaona wavunaji kutoka barazani. Aliinuka, akafika ukingo wa uwanja palipoanza udongo uliolimwa, akasimama. Asia anasema kwamba katika ugonjwa wote ule hakuwahi kumwona analia, na kwamba hapo pia hakulia. Alirudi, akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kikao kiliitwa Jumamosi asubuhi, uani kwa Stambuli, kwa kuwa mgonjwa hakuweza kwenda penye mkusanyiko. Watu waliketi chini ya paa la banda la kukaushia pilipili, naye akabaki peke yake barazani, amevaa barakoa, na sahani ya machungwa yaliyooshwa magotini. Jambo lililokuwa likiamuliwa lilikuwa wazi kwa kila mtu: mteremko ule utabaki kwake, au mwaka ujao kamba za migomba zitafungwa na mikono mingine. Upande wa ukweni alikuja Salehe, kaka yake Asia, mzee wa sauti ndogo ambaye watu humsahau mpaka anapokohoa.

Twalibu alisema kwa muda mrefu. Alitaja uchungu wake. Alitaja marehemu dada yake, ambaye katika uhai wake alikuwa akimtaja kwa nadra na kwa ufupi. Alimalizia hivi: "Mimi sina chuki na kijana. Naheshimu elimu. Elimu imesema damu si yetu. Mimi ni nani niipinge elimu?"

"Siku ya kupimwa ungeiheshimu kidogo," alisema Asia.

"Goti, mke wa mpwa… shemeji… goti lilikuwa bovu."

"Umekwama wapi, mjomba? Niite tu. Leo mimi ni nani kwa huyu? Maana kama damu yake ni ya ukoo wangu, basi nimelala na ndugu yangu tangu arudi kutoka India. Nani ataivunja hiyo ndoa, wewe au shehe?"

Wanawake waliokaa nyuma walifunika midomo kwa kanga. Twalibu alisema kwamba mambo ya chumbani hayasemwi kikaoni.

"Uliyaleta wewe," alijibu Asia. "Mimi nimeyafungulia mlango tu."

Ndipo Salehe alipokohoa.

"Mimi sina elimu ya kupingana na Twalibu," alisema taratibu. "Nimemsikiliza, naona anasema jambo zito. Sasa nataka nielewe. Stambuli si mpwa wenu tena?"

"Kwa damu, si wetu."

"Ni wetu sisi?"

"Kwa damu, ni wenu."

"Umesema mbele ya watu."

"Nimesema."

Salehe alimgeukia mwenye baraza. "Basi karibu nyumbani, mwanangu. Damu yako ni ya Mwanahawa, na Mwanahawa ananiita mjomba, kwa hiyo nami ni mjomba wako. Nikupe haki yako. Ukoo wetu una shamba lile la chini, la mananasi, karibu na mto. Tambarare nzuri, na mtu anayetoka kuugua hatapata taabu ya kupanda. Kwa sasa linalimwa na mkwe wetu, kwa kuwa ameoa binti wa mama yangu mdogo, na hatukuwa na mpwa mwenye shida. Sasa tunaye. Mkwe ni mtu muungwana, atapisha."

Mkwe huyo alikuwa Twalibu.

Ilichukua kitambo kabla jambo lenyewe halijamfikia, na waliokuwapo walipata nafasi ya kulitazama likisafiri usoni mwake. Sheria hiyo anaijua vizuri kuliko Salehe, kwa sababu kwa sheria hiyo hiyo alimwondoa mkwe mmoja wa ukoo wake mwenyewe kwenye shamba la migomba, na kusherehekea. Mananasi ya mtoni yalikuwa yamekaribia kukatwa.

"Salehe," alisema, "wewe unaharakisha."

"Sina haraka. Avune nani mwaka huu, wewe au mpwa wangu?"

"Nilikuwa nauliza tu. Sikusema limekwisha. Damu… damu ni mambo ya madaktari. Damu hata Athanas, yule Mkatoliki wa kule Mgeta, alimtolea mtu mwaka juzi, na yule mtu hakugeuka Mkatoliki. Ukoo ni tumbo. Stambuli ametoka tumbo la dada yangu, na tumbo halipandikizwi."

"Kumbe," alisema Asia. "Na pilipili iliyovunwa?"

"Ilikuwa ikiharibika. Niliitunza. Ipo kwangu, italetwa."

"Leo," alisema Salehe, akakohoa tena.

Hamza, aliyekuwa amesimama karibu na geti ili awe wa kwanza kuipeleka habari gulioni, aliuliza kama sasa Stambuli si pandikizi tena. Aliulizwa naye kama umeme umerudi kibandani kwake, akaenda kuangalia.

Kikao kilivunjika bila dua ndefu. Twalibu alitafuta njia ya kutokea isiyopita mbele ya baraza, na uani kwa Stambuli njia ya namna hiyo haipo. Upande mmoja kuna banda, upande wa pili mteremko ambao goti lake, likiwa zima au bovu, lisingeuweza. Akapita pale pale. Stambuli alikuwa akimenya chungwa, kisu kikizunguka polepole, na ganda likishuka kama utepe mrefu bila kukatika. Hakuyaondoa macho kwenye kisu.

"Shikamoo, mjomba," alisema nyuma ya barakoa.

Watu waliokuwa wakiondoka walipunguza mwendo. Salehe alijishughulisha na kufunga kamba ya kiatu chake, ingawa kilikuwa kiatu kisicho na kamba.

"Marahaba," alisema Twalibu.

"Hujambo?" aliuliza Asia kutoka mlangoni. "Mpwa huulizwa hujambo."

"Marahaba, mpwa wangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Twalibu alishuka. Kabla ya adhuhuri magunia yalirudishwa na wale wale waliovuna, na Asia aliyafungua moja moja akatia mkono mpaka chini, kwa kuwa anamfahamu mtu aliyeyatunza. Stambuli alimwambia ayaweke bandani, na kwamba daktari akimruhusu ataanzia kufunga mimea ya upande wa juu, ambako kamba zimeoza.

"Daktari akikuruhusu," alisema Asia. "Usinianzishie."

Stambuli alizungusha kisu mara ya mwisho. Ganda lilidondoka zima kwenye sahani. Akalikata chungwa juu kama kofia, akashusha barakoa, akala.